Kaburi la Mama Yako Siyo Stori

Athumani, mtoto wa dada yangu,

Mimi sasa nina miaka themanini na moja. Nimezika wake wawili, nimewamaliza wenyeviti wa kijiji wanne hapa Kisarawe, na jembe bado nashika mwenyewe. Kwa hiyo usije ukasema mzee kachanganyikiwa. Hali yako siulizi. Uko huko mtaa wa Picha ya Ndege, umejenga, unakula.

Nani alikufundisha kupenda magazeti? Mimi. Kisomo nilikipata ukubwani, cha jioni, lakini nilisoma kuliko walimu wengine. Nikienda Kongowe kuuza mihogo nakupakia nyuma ya baiskeli, tunarudi na gazeti. Tunasoma wote barazani, mama yako anatwanga kisamvu anatucheka, "Habari za watu wanazijua, zao hawana." Zuhura alikuwa na mdomo, dada yangu yule.

Basi alipokuja huyu bwana wa viwanja, akazungushia seng'enge mpaka makaburi yetu, akang'oa mawe, akasema pale palikuwa pori tu, mimi sikuhangaika. Nilitamba kijiji kizima kwamba ninaye mwandishi. Ukaja na kamera, nikavaa kanzu ya Idi, ukasema hii stori kubwa. Kwetu sisi stori ni mambo ya kupotezea wakati kwenye kahawa. Ukanieleza kwamba kazini kwenu kila kitu ni stori: ajali, harusi ya mkubwa, mtu kaibiwa kuku. Mnaitafuta, mnaiuza, mnaiua. Nikasema sawa, ndiyo lugha ya kazi yenu.

Nikasubiri. Kila asubuhi niko stendi nafunua magazeti mpaka muuzaji akanichoka. Nikakupigia simu. Ukasema mhariri kaiua, haitoki tena gazetini. Nikauliza imekosa nini. Jibu lako sitalisahau:

"Mjomba, makaburi ya zamani siyo stori. Labda watu wapigane, mtu aumie, hapo nakuja."

Watu wapigane. Mimi nipasuliwe kichwa ili wewe upate cha kuandika. Huna haya hata kidogo.

Mle ndani yumo Zuhura, Athumani. Aliyekuzaa. Kabla ya Ramadhani tulikwenda kufyeka kama kila mwaka, mlinzi akatufukuza kama wezi wa mihogo. Yasini tumeisomea barabarani, malori yanatupigia honi.

Sasa baraza la ardhi la kata linakaa Jumatano, na yule bwana atasema hakuna kaburi. Kamera yako siitaki, gazeti lako silitaki, na hilo neno lenu usilitamke mbele yangu. Nataka uje usimame, useme mama yako yuko wapi. Usipokuja, siku nikifa usisogee kwenye jeneza langu.

Wa kunithibitisha ni wachache. Mzee Pazi aliyechimba kaburi yupo, ila macho yamekwisha. Bi Mwanaidi aliyemuosha anaikumbuka sanda, lakini mahali hapajui, maana wanawake walibaki nyumbani. Tulioshuka shimoni kumpokea tulikuwa watatu: mimi, marehemu baba yako, na wewe uliyeshika miguu.

Mjomba wako,
kaka yake Zuhura