Tulilipita Geti la Hospitali

Neema mjukuu wangu,

Huku Mabamba tuko wazima, mama yako anavuna maharage. Ila swali lako limeninyima raha: eti aliyejeruhiwa aanzie polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi, ndipo atibiwe? Ni nani huyo, au ni wewe?

Nilipokuwa msichana, kaka yangu Yohana alikatwa panga kwenye ugomvi wa shamba. Wakati huo tulikuwa wakimbizi, tumezoea kutanguliza karatasi kila tulipobisha hodi. Tukambeba, tukalipita geti la hospitali, tukaenda kituoni kuomba fomu.

Tuliporudi, nesi akaniuliza, "Mbona mlitupita? Kutibiwa kwanza ilikuwa haki yake." Nilikuwa nimeshika fomu yenye muhuri, na Yohana hapumui.

Kama ni wewe, mjukuu wangu, ingia hospitali kwanza. Fomu itakufuata humo humo. Nijibu leo.

Bibi yako