Mama Pindo na Bahasha Tuliyokatazwa Kufungua

Jumanne, tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, saa nne na robo asubuhi, nesi alikuja wodini na kitanda cha magurudumu akauliza, "Mama wa jiwe yuko wapi?" Ukanyoosha kidole kama mtoto wa shule. Ukanipa pete yako, miwani na kitambaa cha kichwa, ukaniambia, "Shika vizuri, wewe kwa kupoteza hujambo." Sikupoteza, mke wangu. Pete ninayo, miwani ninayo, kitambaa ninacho. Waliopoteza ni wengine.

Leo mwaka umetimia. Wenzangu wanaoweka kumbukumbu gazetini huweka picha ya marehemu akitabasamu. Mimi picha zako nzuri zaidi ninazo ndani ya bahasha ya kaki, na humo hujatabasamu, maana ni picha za tumbo.

Cherehani yako bado iko barazani, pale mbele ya duka la spea. Nimeifunika turubai. Watu wanapita wanauliza, "Mama Pindo amesafiri?" Wengine wanajua na bado wanauliza. Nawajibu kwamba amesafiri na vipimo vyenu, subirini.

Jina hilo walikupa wateja, na walikupa kwa hasira. Mtu analeta suruali akitaka zipu, wewe unaigeuza nje ndani, unaipitisha yote vidoleni, mfuko kwa mfuko.

"Fundi, mimi ni zipu tu, nina haraka."

"Zipu nimeiona. Na hapa nyuma panapoachia umepaona? Na pindo je?"

"Sijakuuliza pindo mimi!"

"Suruali yako haijui umeuliza nini. Ikitaka kuachia itaachia."

Walikuwa wanaondoka wamenuna, kesho wanarudi wanashukuru. Kumbe katika mji mzima huu, wewe peke yako ndiye uliyejua kazi ya ukaguzi, na hukuwa na digrii.

Nianze na langu, wasije wakasema mzee analaumu wengine tu. Ulipoanza kutoka jasho katikati ya kushona, moyo unakwenda mbio, uso umekuwa mweupe kama chokaa, mtu wa kwanza kukucheka nilikuwa mimi. Nilikuita Malkia wa Jasho. Jirani yetu muuza mkaa akaongeza lake: "Mama Pindo, leo umeoga na nguo?" Ukacheka na sisi. Dakika kumi na tano, jasho limepita, unakanyaga pedali kama si wewe. Nikasema unaigiza ili nikupikie. Neno hilo nimelimeza mwaka mzima na halijashuka.

Lakini mimi ni mwashi. Nimeishia darasa la nne. Kazi yangu ni tofali, na tofali likipinda nalijua. Wale waliokaa darasani miaka ishirini walisema nini? Wa kwanza alisema ni mawazo. Wa pili alisema ni umri, wanawake wakifika hapo huwa hivyo, akakucheka kidogo. Ulikuwa unakwenda na jasho lako, ukifika, foleni inakukausha, wanakupima presha wanakuta ya kawaida, wanakuangalia kama mwizi wa muda wao. "Mama, wewe ni mzima kuliko mimi." Daktari huyo bado yuko hai, yule mzima kidogo.

Baadaye ukaanza kuumwa ubavu wa kulia. Hapo ndipo wakakuandikia mashine ile kubwa ya duara, ambayo mtu anasukumwa ndani kama mkate tanurini. Daktari wa ubavu akajaza fomu. Kuna sehemu imeandikwa swali la daktari. Akaandika: je, kuna jiwe kwenye figo?

Uliipenda siku ile, nakumbuka. Ulirudi unaniigizia binti wa mashine, yule anayewapiga watu picha: "Mama, vuta pumzi. Shikilia. Shikilia. Haya, achia." Tangu hapo nikianza kufoka ndani ya nyumba, unaniambia vuta pumzi, shikilia, na watoto wanavunjika mbavu. Sasa wananiambia wao. Haifanyi kazi bila sauti yako.

Baada ya siku nne tukapewa karatasi ya majibu na bahasha ya picha. Karatasi ilisema jiwe lipo, figo la kulia, milimita tisa. Bahasha ilikuwa imebanwa kwa pini tatu na kupigwa muhuri mwekundu: IFUNGULIWE NA DAKTARI TU.

Tulipofika nyumbani nikasema, "Tuchungulie."

Ukanicheka. "Utaona nini, wewe? Kusoma kwenyewe unajua neno saruji tu."

"Si picha? Picha haisomwi, inaangaliwa."

"Baba watoto, wamesema daktari. Weka juu ya kabati."

Wewe uliyegeuza suruali za watu nje ndani, hukufungua bahasha ya tumbo lako mwenyewe kwa sababu ya wino mwekundu. Na mimi nikatii, nikaiweka juu ya kabati, ikakaa miezi minne tukisubiri zamu ya upasuaji. Uliipangusa vumbi kila Jumamosi. Tulikuwa watu wenye adabu sana.

Asubuhi ile ya upasuaji niliibeba. Nikampa daktari wa upasuaji pale mlangoni, akiwa tayari na kofia yake ya kijani.

"Picha za mke wangu hizi, daktari."

"Ripoti ninayo, mzee. Picha za nini?"

"Imeandikwa daktari afungue."

"Kaa nayo tu. Ni jiwe, hatuchukui muda."

Kweli hawakuchukua muda. Nilikaa kwenye benchi nimeipakata kama mtoto. Walipokupiga nusu kaputi, kabla hata ya kukuchana, presha ikapanda mpaka mia mbili na sabini. Nesi mmoja ndiye aliyeniambia, akilia, kwenye ngazi. Hawakuwahi hata kulifikia lile jiwe. Umezikwa nalo.

Cheti chako cha kifo kimeandikwa presha. Na kwenye faili wameandika kwamba mgonjwa alificha historia ya presha. Wewe, ufiche! Wewe uliyewaeleza mpaka wakakuchoka! Basi neno hilo likatoka hospitali likafika msibani kabla ya maiti. Nikasikia kwa masikio yangu mwanamke mmoja akisema presha haimpati mtu bure, mtu hupewa na mumewe. Dada yako mkubwa alikuwa amekaa karibu naye. Akanigeukia, akaniangalia, akafunika uso. Tangu siku hiyo hajanisalimia. Nikimpigia, anampa simu mjukuu.

Wiki ya tatu baada ya kukuzika, binti yetu mkubwa alipanda kiti akaishusha bahasha juu ya kabati nilikoirudisha. Nikamwambia, "Imeandikwa daktari tu." Akasema, "Baba, sasa watatufanya nini?" Akang'oa pini zote tatu.

Ndani kulikuwa na karatasi la plastiki, jeusi, limejaa vijipicha vyako. Na juu yake, kimebandikwa kikaratasi cha njano kilichoandikwa kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa haraka: "Daktari, naomba uangalie na juu ya figo la kushoto. Sijaulizwa, lakini kuna kitu."

Binti alisoma mara mbili. Ya tatu nikamwambia basi.

Tulikwenda nalo kwa daktari mzee wa hospitali nyingine, aliyestaafu kufundisha. Hakutaka hata kukaa. Alilinyanyua dirishani, akaweka kidole. "Hiki hapa. Kimelingana na limau." Akatueleza polepole kama sisi waashi tunavyowaeleza wateja kuhusu msingi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, kazi yake ni kukushtua ukikutana na nyoka: moyo mbio, jasho, presha juu, ukimbie. Kwako kulikuwa na uvimbe uliokuwa unaona nyoka kila siku. Ukiguswa, ukilazwa vibaya, ukipewa nusu kaputi bila maandalizi, uvimbe huo unamwaga sumu yote mara moja. Nikamuuliza kama uvimbe huo una dawa.

"Vidonge vipo," akasema. "Wiki mbili tatu, presha inatulia, halafu uvimbe unakatwa, na mtu kwa kawaida anarudi nyumbani. Ila lazima ujulikane kwanza."

"Na kuujua ni vigumu?"

Akaniangalia kwa huruma. Huruma ile ilinichoma kuliko tusi. "Kwa dalili tu, vigumu. Kwa picha hii, mzee wangu, ilitosha mtu kuiangalia yote."

Nikaenda kwa wakubwa wa hospitali ile ya kwanza. Walinipokea kwenye ofisi yenye zulia, Mganga Mkuu na mkuu wa idara ya picha, yule ambaye sahihi yake iko kwenye karatasi ya jiwe. Nikaweka ile picha mezani. Mkuu wa idara aliiangalia muda mrefu, halafu akasema, "Fomu iliuliza jiwe. Jiwe tulilijibu."

"Na hiki?"

"Hiki hakikuulizwa. Mzee, tunasoma picha mia mbili kwa wiki. Tumeweka utaratibu: linajibiwa swali la fomu, mgonjwa mwingine anafuata."

Nikamwambia, "Mwili wa mke wangu haukujua fomu imeuliza nini."

Akakunja uso. Mganga Mkuu akaingilia, mtaratibu, sauti ya kuagia wageni. "Uelewe pia kwamba uvimbe huu ni nadra sana. Pengine hatutauona mwingine mpaka tustaafu."

"Hata mimi mke nilikuwa naye mmoja tu," nikamwambia.

Hapo binti yetu amenikataza kuandika neno nililoongeza. Wao wanalijua.

Nilipowaonyesha kile kikaratasi cha njano, nilidhani watainamisha vichwa. Mkuu wa idara alikishika kwa ncha za vidole akauliza, "Huyu aliruhusiwa na nani kuandika?" Wiki mbili baadaye binti wa mashine akapewa barua ya onyo. Mpiga picha hasomi picha, wanasema, kazi yake ni kubonyeza. Wamempeleka masjala, anapanga mafaili. Nilikwenda kumuona, nikamkuta nyuma ya rafu, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu kwa mdomo.

"Nilimwambia bosi wangu, baba. Akaniambia nirudi kwenye mashine yangu. Ndiyo nikaandika, nikajua daktari akifungua tu ataona." Akalia. "Sikujua kwamba hawafungui."

Mama Pindo, huyo ndiye mtu pekee aliyeadhibiwa kwa ajili yako: aliyekugeuza nje ndani akaona pindo linaachia. Mkuu wa idara, wakati huohuo, amepewa cheti cha kupunguza foleni. Kimetundikwa ukutani, pale wagonjwa wanaposubiri. Kina fremu ya dhahabu. Hata hivyo kimepinda upande wa kushoto, na hakuna aliyeona.

Nakukumbuka unavyokata uzi kwa meno huku nikikugombeza. Nakukumbuka ulivyokuwa unawashonea sare watoto wa jirani kwa vipande vilivyobaki na kusema vimekosewa tu kukatwa, ili mama yao asione aibu. Nakukumbuka unavyoziita kuta zangu nguo za nyumba, na kunyoosha kidole ukutani kwa watu: "Hapo fundi wangu alisinzia." Ulikuwa unasema kweli. Nilisinzia.

Unakumbukwa na mimi mumeo, mwashi. Na binti yako mkubwa aliyeng'oa pini, na mdogo wake, ambaye bado anavaa sweta ulilomfumia ingawa mikono imemfikia kwenye viwiko. Na mama yako mzazi, anayeuliza kila siku kama umeshapona. Na wifi zako, shemeji zako na wajukuu. Na dada yako mkubwa. Nimemweka hata kama hanisalimii. Shemeji, kama unasoma hapa, mimi sikumpa presha, alikuwa nayo juu ya figo la kushoto na picha ninayo, njoo uione. Na binti wa mashine, ambaye si ndugu, lakini nimemhesabu.

Maadamu mmoja wetu anavuta pumzi na kushikilia, hutasahaulika.

Barua yangu kwa Mganga Mkuu ina miezi tisa sasa. Ameijibu mara mbili, zote pole. Sikuomba pole. Niliuliza kitu kimoja, ninakiuliza tena hapa mbele ya watu wote, na mwenye jibu barazani kwako anapajua: bahasha ilipigwa muhuri kwamba ifunguliwe na daktari tu, je, ni daktari yupi aliyepaswa kuifungua?