Maneno ya Mke Mbaya

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na mama. Goti lake linaendeleaje? Na miwani mipya, imemkubali, au bado anaivaa kichwani huku akiitafuta chini ya mto? Mimi ni mzima wa mwili. Najua barua zangu huwa unamsomea mama kwa sauti, tena kwa mbwembwe, lakini hii naomba uisome kwanza peke yako. Usishangae kwamba sikupiga simu. Siku hizi naogopa simu, dada. Karatasi angalau haina sauti.

Kazi yangu unaijua, ila nianzie hapo, maana ndiyo iliyoniponza. Tamthilia inakuja kwa lugha ya watu, nasi tunajifungia kwenye chumba kisicho na dirisha, hedifoni masikioni, tunaitia Kiswahili. Mimi nilipewa sauti ya yule mke wa kaka mkubwa, anayevaa suti, anayeendesha gari mwenyewe, anayemjibu mama mkwe kabla hajamaliza kusema. Ukimwona tu na ule mkoba wake unajua atavunja nyumba ya watu. Mke wa kaka mdogo kazi yake ni kulia jikoni, na mtaa mzima unalia naye. Anayemtolea sauti ni shoga yangu mmoja ambaye ameshaachana na waume wawili, na akigombana na dereva, anayeshuka ni dereva. Huyo watu wakimsikia dukani wanampa pole. Mimi muuza mboga aliwahi kuninyima nyanya mpaka nimwombe radhi mama mkwe wa kwenye televisheni. Nilipokusimulia ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mama mkwe wangu naye mwanzoni aliona ni mzaha. Alikuwa akiniita mkwe mbaya huku akinipakulia minofu. Kisha Jumapili moja nikaitwa sebuleni. Nilimkuta yeye, wifi yangu, na mume wangu ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani. Wifi akaweka simu mezani, nikajisikia mwenyewe nikisema kwamba bibi kizee huyu amenichosha, kwamba iko siku nitamtoa humu ndani na virago vyake, na mwanawe akileta mdomo atamfuata. Ilikuwa sauti yangu, wala sikuweza kuikana.

Niliwaambia ni maneno ya tamthilia. Mama mkwe akasema hajakosa kipindi hata kimoja, na maneno hayo hajawahi kuyasikia. Ni kweli, yalikuwa hayajaonyeshwa, sisi hurekodi mapema. Wifi akasema hapo si studio, birika linasikika likichemka. Nikaeleza kwamba huwa nafanya mazoezi nyumbani. Ndipo mama mkwe akasema neno ambalo mpaka leo linaniwasha: kwamba hata kama ni maigizo, mwanamke mwenye adabu yasingemtoka kwa ufasaha ule. Mume wangu, mfamasia mwenye akili zake, ambaye kila asubuhi ananisikia nikinoa sauti bafuni, akaniomba niape. Nilipogoma akaniomba nikapumzike mahali mpaka moyo wa mama yake upoe. Nikafunga nguo zangu, nikaenda kulala kwa shoga yangu, yule mke mwema.

Siku zile ulinipigia kila jioni, dada. Ulinibembeleza nisiwafuate, nisijitetee, mwanamke huponea kwa kunyamaza, mvumilivu hula mbivu. Nami nikikata simu najisikia nafuu, nasema afadhali nina dada.

Kipindi kikaonyeshwa. Wifi ndiye aliyenisimulia: mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, akayasikia maneno yaleyale, neno kwa neno, yakitoka kwa mwanamke wa suti. Akazima televisheni kabla ya matangazo, akaenda kulala bila kuaga mtu. Kesho yake mume wangu alikuja kunichukua akiwa na sharti la mama yake: nirudi, lakini nimwombe bosi anibadilishie, nipewe sauti ya yule anayelia jikoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na katikati yake yakawa machozi ya kweli. Nilimwambia kazi siachi, na kwamba kabla ya kuniapisha angekumbuka ananijua. Akasema sauti ilikuwa ya kweli mno. Nikamwambia ndiyo maana niliajiriwa. Akabeba begi langu.

Kwa hiyo nimerudi kwangu, na sauti ya mke mbaya bado ni yangu. Hasira na mume wangu bado ninayo, na anajua, ndiyo maana siku hizi anasugua hata sufuria zilizo safi. Hiyo itapita.

Lililobaki ni lako. Wifi alinirushia ule ujumbe wa sauti, ingawa aliyeutuma alikataa kumtaja. Nikaupeleka studio, fundi mitambo akausafisha, nikavaa hedifoni. Mtu amekata maneno ya aliyekuwa akisoma nami, zimebaki pumzi na ukurasa unaogeuzwa. Lakini mwanzoni kabisa hakukata vizuri. Birika linachemka, mtu anacheka kidogo, halafu anasema: haya, Kinanda, anza.

Duniani mtu anayeniita Kinanda ni mmoja tu. Ni wewe, uliyenipa jina hilo nikiwa sijaota meno ya mbele, kwa kuwa sikuwa na breki ya mdomo. Mume wangu alikuwa safarini, ukaja kukaa nami, tukakaa jikoni, ukawa unasoma maneno ya mama mkwe ili mimi nijibu. Nilifurahi sana siku ile. Simu yako ilikuwa mezani, kando ya sukari.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nikiusema msemo huo bila kuujua. Umenisaliti, dada. Nimetafuta neno jepesi zaidi nimelikosa. Kisha nimekumbuka ulichosema jioni ile ukisuuza vikombe, nami nikakichukulia kama utani: kwamba mimi nalipwa kusema maneno mabaya na mume ninaye, na wewe hukuwahi kumjibu mtu katika nyumba ya wakwe zako na bado walikurudisha na sanduku lako. Ulilia jikoni kama yule wa kwenye tamthilia, na hakuna aliyelia nawe. Naliona hilo. Lakini si mimi niliyekuandikia kisa kile, dada, wala si mimi niliyekufukuza.

Sijamwambia mtu. Mume wangu aliponiuliza aliyetuma ni nani, nilimjibu simjui. Mama msomee salamu, msomee habari za muuza mboga acheke, umwambie mwisho wa mwezi nitakuja kumwona. Siku hiyo uwepo au usiwepo, hiari yako. Ila ukiwepo, usiniite Kinanda. Niite jina langu, kama wanavyoniita watu wengine.

Ni mimi,
Mdogo wako wa tumbo moja.