Nyuzi Laini

Mwanangu mpenzi,

Hii ni barua ya nne. Hujajibu, wala sikulaumu. Sisi hatujambo. Mama yako kanunua cherehani, na mashine yangu ya kufungia nyuzi za raketi bado inalia kama paka.

Jana alikuja mama mmoja na bintiye. Akataka nyuzi ngumu tupu, "kama za mabingwa." Nikamwona mtoto akijisugua mkono.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ngumu nitazipitisha wima, laini nizipitishe mlalo, tena nisizikaze sana."

Binti alipojaribu kupiga mpira ukutani, akacheka: "Mama, mkono hauumi!"

Nikaingia stoo, nikalia.

Wewe uliniambia mara ngapi? "Baba, mkono unauma." Nikakujibu, "Jikaze," kisha nikazidi kuzikaza nyuzi zile ngumu, kwa uchu wa kombe. Dawa yake niliijua tangu siku zile, mwanangu. Sasa nasikia hata kikombe cha chai unakishika kwa mkono wa kushoto.

Najua radhi huombwa na mtoto kwa mzazi. Leo mzazi ndiye anayekuomba wewe.

Ni mimi baba yako,
fundi raketi