Tundu Alilolificha Ortwin

Irmi, shoga yangu, sikia haya. Roswitha yuko jikoni kwangu, hata koti hajavua.

Unaikumbuka ile chipu wanayotengeneza kazini kwao hapa Graz, ya kufungia funguo za siri za kompyuta? Ile aliyotuapia kwamba hata wao wenyewe hawawezi kuifungua?

Inafunguka!!

Leo kagundua amri moja iliyofichwa ndani yake. Ukiituma tu, chipu inatapika ufunguo wote. Akamkimbilia nani? Ortwin! Aliyemfundisha kazi, baba wa ubatizo wa mwanawe.

"Ortwin, kuna tundu humu!"

Ortwin akafunga mlango taratibu. "Najua, binti yangu. Nililiweka mimi."

NILILIWEKA MIMI. Huku anakoroga kahawa, Irmi!

"Kwa ajili ya nani?"

"Kuna wakubwa waliliomba. Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Basi liishie hapa."

Kumbe sifa zote zile Ortwin alizokuwa akimmwagia Roswitha, kila chipu ikipita mikononi mwake kukaguliwa! Alimtaka yeye ndiye azipitishe kwa sababu wateja wanamwamini. "Kanifanya muhuri wake," ndilo analorudia tu.

Sasa hivi kampigia simu mkaguzi wa usalama wa chipu, kule Vienna, mbele yangu. Kaeleza yote. Akaulizwa nani aliliweka. Roswitha akafumba macho, akalitaja jina la Ortwin herufi kwa herufi.

Nikadhani amemaliza. Akasema, "Na saini iliyoipitisha chipu hiyo ni yangu. Andika na hilo."