Taulo na Matuta ya Kalisto

Chanji, Sumbawanga
Jumapili, katikati ya Desemba

Mdogo wangu mpendwa Remi,

Habari za huko Morogoro, na miguu ya mama inaendeleaje? Najua atataka umsomee barua hii, basi soma taratibu, na kwanza mpe shikamoo yangu. Mimi ni mzima, ingawa baridi ya huku ungeikimbia siku ya kwanza. Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nalia kabla sijasema lolote, nawe unadhani ni mtandao.

Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi. "Dada, tupa taulo." Nilikuona kabisa, umesimama pembeni ya ulingo na taulo begani, ukimtazama kijana unayemfundisha ngumi anavyopigwa. Uliwahi kuniambia kwamba taulo halitupwi kwa aibu, linatupwa ili mtu arudi kwao na macho yake yote mawili. Najua ni upendo.

Huku nako wananiambia hilohilo, ila ngumi hawazijui. Dereva wa bodaboda anayenipeleka shamba alisema, "Mama, nyoosha mikono tu, hili shamba litakuzeesha bure." Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, kila akinipita ananiambia nisalimu amri. Akina mama wa jumuiya walipokuja kusali walisema kwa upole zaidi, kwamba hata nikibwaga manyanga hakuna atakayenisema. Kaka wa marehemu mume wangu Kalisto ndiye aliyenyoosha maneno: mvua zikikolea sijapanda, shamba atampa mtu mwingine, nami nirudi kwetu. Nikibaki peke yangu nilikuwa nayarudia maneno yao, na kila neno lilinitoka mdomoni kama la mtu mwingine.

Nikueleze kilichonizuia. Mvua za mwanzoni mwa mwaka zilipoelekea kuisha, Kalisto alifanya kama wanavyofanya wenyeji wote: alikusanya nyasi akazifukia, shamba zima likawa matuta ya duara, ili zioze humo. Mvua mpya zikija unayabomoa, unasambaza udongo, unamwaga ulezi. Yeye akafa kiangazi, kazi ikiwa katikati. Akazikwa, matuta yakabaki.

Sasa ningeyabomoaje, Remi? Yamekaa kama alivyoyapanga. Asubuhi ukungu ukiwa chini nilikuwa nasikia jembe kwenye safu za juu. Nikisimama, nalo linasimama. Nilikuwa naondoka nyumbani na jembe na kurudi nalo safi.

Juzijuzi mama mkwe alinikuta nimekaa pale chini ya shamba.

"Wewe mwanamke wa Morogoro, umekuja kulima au kuchunga matuta?"

"Mama, ni ya Kalisto."

"Na huyo Kalisto mimi nilimwokota?"

Akanishika mkono tukapanda hadi safu za mwisho, ambako sikuwa nimefika tangu mazishi. Kule matuta yalikuwa yanapungua. Yaliyokuwa yakinifika magotini yalishuka yakawa kama sufuria, na la mwisho kabisa lilikuwa nyasi tupu, zimelazwa vizuri, hazijafukiwa. Nikaelewa. Alikuwa akiumwa muda wote ule alipotuambia ni uchovu. Nikakumbuka jioni aliyorudi mapema, akaketi mlangoni na mabuti yake, akasema, "Leo jembe limenishinda." Akacheka. Nami nikacheka, nikaenda kuchochea moto.

Mama mkwe alizitazama zile nyasi kwa muda mrefu. Alisema maneno ya Kifipa, taratibu, hakuwa anasema na mimi. Kisha akanigeukia.

"Alizilaza zioze, mwanangu. Ukiziacha hivi, utakuwa umemzika mara ya pili."

Jembe la kwanza alipiga yeye, la pili nikapiga mimi. Tulianza na tuta kubwa. Ndani udongo ulikuwa mweusi, laini, una joto, nikatoa mkono haraka kama niliyemgusa mtu aliyelala. Mama mkwe akaendelea kulima.

Majirani walikuja kutusaidia, na jana tumemaliza. Ulezi uko ardhini. Lile jembe la kwenye ukungu bado nalisikia, sitakudanganya, ila sasa sisimami.

Kwa hiyo usije baada ya Krismasi kunihamisha, kama ulivyopanga. Usione nakudharau. Kijana wako ulingoni unayaona magoti yake. Yangu huwezi kuyaona kutoka huko. Njoo Juni tuvune, uje na mama kama miguu itamruhusu. Mama mkwe anasema atampikia ugali wa ulezi, aone kama wa Morogoro wanaujua.

Nisalimie mke wako na watoto. Msalimie shangazi aliyenifundisha kusuka ukili, na mjomba fundi baiskeli, mwambie kikohozi chake asikifanyie mzaha. Mama mwambie nimenenepa kidogo, hata kama hataamini.

Mkikaa mezani siku ya Krismasi, mnikumbuke.

Dada yako,
Tekla