Fuawe Lililolala Kifudifudi

Baba Chelangat, mpenzi wangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Wewe sikuulizi, kwa sababu sijui ningefanya nini ukinijibu. Sisi hapa Kimulot tupo. Ng'ombe amezaa mtamba, chai inachumwa, mama yako bado anagombana na kuku. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya katika karakana yako, na linakuhusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Tangu tukuzike nilikuwa nikikusikia ukifua chuma. Sisemi nilikuwa nikikukumbuka. Nilikuwa nikikusikia. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya chai, nimeinama kukamua, mlio ulitoka karakanani: kang, kang, halafu ti. Mapigo mawili kwenye chuma na moja jepesi kwenye fuawe, ulivyozoea kupumzisha mkono. Mara ya kwanza nilimwaga maziwa. Nilikwenda mbio nikasukuma mlango, nikakuta mvukuto umelegea, majivu yamepoa, na fuawe lako, kile kipande cha reli, limelala kifudifudi kama ndugu zako walivyolilaza siku ya mazishi. Nilidhani ni wazimu wa ujane. Kisha siku moja Chelangat, kikapu cha chai mgongoni, akasimama ghafla uani.

"Mum, nani anagonga huko kwa Daddy?"

Nikamwambia ni mabati. Aliniangalia kama mtu anayeyajua mabati vizuri.

Unakumbuka nilivyokuja nimekuogopa? Shangazi zangu wa Silibwet walinionya kwamba mhunzi hakasirishwi, kwamba akiamua ataweka jina la mtu kwenye moto wake na kulivukuta mpaka mwenye jina afe. Mwezi mzima nilikuwa nakujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Wewe uligundua ukaanza kunichokoza. "Bot Chelangat," ulikuwa ukiniita hivyo, mama wa Chelangat, hata kabla Chelangat hajazaliwa, "chumvi imezidi, wacha nikavukute." Nikacheka, na hofu ikaisha. Baada ya hapo nilikuwa nakuletea chai karakanani na kukaa juu ya gunia nikikutazama ukigeuza springi ya lori kuwa kisu cha kupogolea chai.

"Chuma hakizeeki," ulisema. "Kinabadilisha kazi tu. Tatizo ni makaa."

Makaa ya emitiot, mzaituni wa msituni, ndiyo babu yako na baba yako waliyoyatumia, na kila mhunzi aliapa kwamba hakuna mengine. Lakini nilipoolewa, mto wa huko chini niliuvuka nikiwa nimekunja sketi hadi mapajani. Chelangat alipoanza shule alikuwa akiuvuka na viatu miguuni. Wengi waliona mto umepungua na msitu umerudi nyuma, wakalaumu mbingu. Wewe ulinawa mikono jioni moja, ukayatazama yale maji meusi kwenye karai, ukasema, "Kila panga ninalofua lina mti ndani yake." Hukula vizuri siku ile.

Kisha ukasikia redioni kwamba ng'ambo kuna viwanda vinavyoyeyusha chuma kikuukuu kwa stima, bila makaa. Ulifurahi kama uliyepata barua kutoka kwa ndugu. "Stima yetu imeishia kwa fakitori ya chai," ukasema, "lakini hatuwezi kukosa njia yetu."

Njia ya kwanza ilikuwa magunzi ya mahindi. Mungu wangu, siku ile! Yaliwaka kwa fujo na kuzima kabla chuma hakijapata joto. Ndugu yako Kiprono alikuja akaegemea mlango.

"Sasa kaka, unatengeneza jembe ama unachoma mahindi? Niletee moja basi, weka na chumvi."

Njia ya pili ilikuwa visiki vya chai. Jirani alikuwa anang'oa chai ya zamani, na mti wa chai ni mgumu, unaujua mkononi. Ulivibeba vikiwa vibichi, ukavichoma wiki ileile, na kwa haraka yako ukayazima makaa kwa maji. Yalirusha cheche usoni mwako, yakavunjikavunjika, na chuma kikatoka chekundu kama nyanya mbichi inayojaribu kuiva. Hapo ndipo nilipokwambia kitu ambacho kila mwanamke wa Kipsigis anakijua na hakuna mhunzi aliyewahi kukiuliza. Sisi tunapoandaa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando yanayotiwa makaa, hatuchomi tawi bichi la mti wa senetwet. Tunalitoa gome, tunalikausha juu ya meko, na makaa yake hatuyaonyeshi maji. Tunayafunika yapoe yenyewe. Tawi bichi huharibu maziwa.

Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Miaka yote hii mhunzi wa nyumba hii ni wewe!"

Tulivimenya visiki pamoja, tukavipanga darini juu ya meko yangu. Vilihitaji muda. Lakini msimu wa kupogoa ulikuwa umekaribia, watu wanataka visu, nawe ulikuwa umetoa neno lako. Ukasema utakwenda msituni kuchoma tanuri moja la mwisho la makaa. "Hivi vikikauka, ule msitu hautaniona tena," uliniambia ukifunga kamba za buti. Ilikuwa wakati wa ile mvua ya El Nino, udongo wote umekuwa uji. Walisema ulipanda juu ya tanuri kuziba tundu lililokuwa likitoa moshi, na udongo ukafunguka chini yako, ukatumbukia motoni. Hawakuniruhusu kukuona. Mpaka leo nina hasira kuhusu hilo. Nilikuwa mke wako, ningekuangalia hata ungekuwaje. Nilirudi jikoni nikainua macho, na visiki vilikuwa pale juu vikikauka taratibu, havina habari.

Baadaye Kiprono alikuja. Safari hii hakutania.

"Shemeji, moto wa mhunzi haulali hivi. Nitainua fuawe mimi. Makaa niko nayo, emitiot safi kutoka forest."

Nilimjibu anipe muda. Mama yako, aliyekuwa akipepeta wimbi, alisubiri aondoke ndipo akaniambia desturi yenu yote. Anayeinua fuawe ndiye anayerithi moto. Na mhunzi aliyekufa hukaa karibu na chuma chake mpaka fuawe liinuliwe. Likiinuliwa, anajua kazi ina mwenyewe, anakwenda.

"Namsikia pia," akaongeza. "Sikutaka kukuambia."

Basi nikawa nimebanwa. Nikimwachia Kiprono, msitu uliokumeza utaendelea kulisha moto wako mwenyewe. Nikiinua mimi, nakufukuza. Nikiacha fuawe lilale, naendelea kukusikia kila asubuhi, na wewe unaendelea kugonga bila kupumzika. Nakwambia kweli, nilichagua hilo la tatu kwa muda mrefu. Nilikuwa nakamua polepole makusudi.

Kilichonishinda ni mkono wako. Asubuhi moja ile ti haikuja. Kang, kang, kang, kang, kama mtu aliyesahau kupumzika. Nililia nimeegemea ubavu wa ng'ombe. Kisha nikapanda darini.

Nilivichoma vile visiki kama tunavyochoma makaa ya kibuyu, nikayafunika makaa kwa majivu, nikangoja yapoe. Mimi na Chelangat tuliinua fuawe, mama yako akiwa amesimama mlangoni. Chelangat akavukuta. Kiprono alisikia mvukuto akaja mbio, akakuta chuma kimefika rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Alitazama makaa, akaona ni ya visiki vya chai. Hakusema neno la mahindi. Alivua koti, akamwambia Chelangat, "Wacha nikusaidie hapo, mama," akashika mvukuto. Kisu changu kilitoka kimepinda, ungekificha wateja wasikione. Lakini kinakata, na Kiprono amekwenda kumwomba jirani visiki vilivyobaki.

Ulikuwa sahihi, Baba Chelangat. Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu.

Asubuhi iliyofuata nilikamua nikiwa nimetega sikio. Nilisikia maziwa kwenye ndoo, na kuku, na mama yako akiwafokea. Wewe sikukusikia. Sijakusikia tena tangu siku hiyo, na sikujua kwamba mtu anaweza kufiwa mara mbili na mtu yuleyule.

Siku hizi nafua mwenyewe. Nagonga mara mbili kwenye chuma, kisha nasimamisha nyundo hewani kidogo. Kiprono ananiambia napoteza joto. Namwacha aseme. Ile ya tatu ni yako, na bado naiachia nafasi.

Mkeo,
Bot Chelangat